Sauti ya Mama Imo Kwenye Diski

Nachingwea, Jumamosi, Julai 2006

Na bado haiwaki. Feni inazunguka, lakini kioo ni cheusi.

Kompyuta hii niliiunda mwenyewe kwa vipuri vya mtumba. Asubuhi mdogo wangu Hamisi, aliyefika kutoka Dar, alinipa memori kubwa zaidi tukaifunga. Nilipowasha, ilitoka harufu ya kuungua. Tukairudisha memori ya zamani, tukachomoa kila waya na kuuchomeka upya. Wapi.

Mchana tukaipeleka diski kwenye duka la stesheneri, tukaijaribu kwenye kompyuta yao. Inagonga tu, haisomeki.

"Kaka, uliweka kopi mahali?"

"Sikuweka."

Kwenye diski hiyo ndimo ilimo sauti ya mama, akisimulia kwa Kimwera mambo ya utoto wake Mbekenyera. Nilimrekodi akiwa tayari anaumwa. Tangu tumzike, baba anaishi kwangu, na kila jioni humsikiliza.

Leo alipomaliza kuswali magharibi akaketi kwenye kiti chake kama kawaida.

"Mwanangu, nifungulie mama yako."

Nikamwambia umeme umekatika. Sijui kwa nini nilisema hivyo. Balbu ilikuwa inawaka juu ya vichwa vyetu.

Baba akaitazama balbu, kisha akatutazama mimi na Hamisi, na ile kompyuta iliyofumuliwa mezani.

"Haya," akasema taratibu. "Basi mwacheni apumzike."

Akaenda kulala. Chakula hakukigusa.