Kwa Mtunzi wa Wimbo wa Figo

Mwaka umetimia, Mwalimu, tangu utuachie ukimya, na ukimya wenyewe hatujauonja. Kila tukipita karibu na shule tunakusikia. Msuguano, kutu, mizizi na majani: kila somo ulilitungia wimbo, na watoto wasiokumbuka hata walikovulia viatu walijibu mtihani wa sayansi wakivuma chinichini kama nyuki.

Ulikuwa mtu wa watu. Uliwabeba watoto wa wenzio mgongoni ukiwaimbia nguvu ya mvutano wa dunia, kisha unawaachia taratibu kwenye nyasi, nao wanagaragara kwa kicheko. Nyumbani uligonga sahani kwa kijiko ukitafuta kina, na hakuna aliyethubutu kumeza tonge mpaka mstari wa pili upatikane. Chakula kilipoa. Mkeo alikuwa akisema, "Jamani, huyu kaoa nyimbo, mimi kaniajiri tu." Ulicheka sana, kisha ukaendelea kugonga.

Katika sisi wanao, anayekukumbuka zaidi ni binti yako wa pili, fundi wa nguo. Alikuwa darasani kwako, dawati la mbele, asubuhi ile ulipoingia na wimbo mpya wa figo. Nyumbani godoro lake lilikuwa bado limeegemezwa ukutani uani, halijakauka. Ulipiga makofi, ukaimba:

*Figo zinachuja damu,*
*kibofu kinapokea;*
*mwanangu hana fahamu,*
*kitanda kinaelea!*

*Godoro juani weka,*
*mvuke utapepea;*
*majirani wanacheka,*
*chumvi haitapotea!*

Hukumtaja jina, hilo tunakupa. Ulimtazama tu. Kufikia mapumziko alikuwa anaitwa Godoro, na mpaka leo, mtu mzima mwenye duka na cherehani zake, wateja wanachungulia mlangoni: "Godoro yupo? Suruali yangu imekwisha?" Naye huitikia, maana asipoitikia atakula nini?

Wimbo ulikuwa mzuri, na hapo ndipo ubaya wake ulipo. Ungekuwa mbovu ungekufa mwaka uleule. Huu ulifaulisha darasa baada ya darasa. Hata mfamasia aliyekufungia dawa zako za mwisho aliuimba huku akikuhesabia vidonge, nawe ukamsahihisha sauti.

Ulipougua, fundi alifunga duka akaja kukuuguza, maana kibofu kilikuwa kimekugomea. Asubuhi moja alikuwa anakugeuza ubavu ili aondoe shuka iliyolowa, ukamshika mkono.

"Mwanangu, haya ya shuka yaishie humu chumbani. Watu wasijue."

"Hayatatoka, baba. Na mimi nina ombi. Mjukuu wako muhula ujao anaingia darasa la wimbo ule, na bado anakojoa kitandani. Waambie walimu wauache. Wewe ukisema watakusikia."

Ulifumba macho. Alidhani unalifikiria ombi lake.

"Ukitoa kitanda, kina kinavunjika," ulisema. "Watoto watasahau."

"Na huyu mtoto je?"

"Atazoea. Wewe si ulizoea?"

Fundi alitandika shuka kavu, akakunja pembe zake vizuri, akatoka na beseni. Alikuogesha na kukulisha mpaka siku uliyokata roho, na kuhusu shuka neno halikumtoka. Muhula ulipoanza, mjukuu wako alirudi nyumbani macho mekundu. "Mama, wananiita Godoro Mtoto." Tangu siku hiyo, kumpeleka shule ni kumburuta.

Mwezi uliopita mwalimu mkuu alitualika ukumbini, watoto waimbe nyimbo zako kwa ajili ya kumbukumbu hii. Fundi aliomba aongoze wimbo wa figo. Tulidhani amekusamehe, na mkeo alilia kwa furaha. Aliimba ubeti wa kwanza na wa pili, ukumbi mzima ukiitikia, kisha akainua kidole, kama ulivyokuwa ukifanya wewe ukileta kitu kipya:

*Mwalimu amezeeka,*
*kibofu kimelegea;*
*na sisi tunamcheka,*
*kitanda kinaelea!*

Alicheka mtoto mmoja, halafu safu yake, halafu ukumbi. Waliushika mara moja, Mwalimu, kwa kuwa mahadhi uliyaunda vizuri. Mwalimu mkuu aliinamisha kichwa, mabega yakamtikisika, na si kwa majonzi.

Mkeo alisimama. "Umemvua nguo baba yako mbele za watu!"

"Alinivua mimi kwanza, mama, na nilikuwa mtoto."

"Marehemu hasemwi vibaya!"

"Sijamsema. Nimemwimba."

Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Kaka yetu mkubwa alikwenda shuleni kudai ubeti ule ufutwe. Alijibiwa kwamba unaeleza vizuri yanayoupata mwili uzeeni, na kwamba hakuna mtoto aliyekosa swali la kibofu.

Wakati wa mapumziko siku hizi wana mchezo. Mtoto mmoja hulala chali kwenye nyasi, yeye ndiye Mwalimu, na wenzake wanamzunguka wakiimba. Mjukuu wako huitwa wa kwanza, maana hakuna anayekuiga vizuri kama yeye: anafumba macho, anatafuta kina, kisha, kama alivyosimuliwa na mama yake, anapiga kelele, "Watu wasijue!" Shuleni sasa anakimbia mwenyewe. Lile jina la Godoro Mtoto wamelisahau.

Unakumbukwa na mkeo, aliyeomba asitajwe, kaka yetu mkubwa, ambaye mpaka leo hapokei simu za fundi, binti yako fundi, aliyetushonea sare za siku ile, mjukuu wako, nasi tuliobaki, tuliokuwa tumekaa safu ya nyuma na tuliocheka.

Hutasahaulika kamwe, Mwalimu. Hata sisi tukitaka, watoto hawatakubali.