Macho Matatu ya Mchungwa wa Bugoye

Dada yangu mpendwa Masika,

Unisamehe. Mvua imekuja ikaisha tangu ulipoleta yale matawi ya mchungwa wa marehemu Baba hapa kambi ya polisi ya Bwera, nami sijakuandikia hata mstari. Mwanangu mchanga Joni haniachii usingizi, ni kweli, lakini hasa ilikuwa aibu.

Unakumbuka uliporudi Bugoye kutoka chuo cha ualimu na ile hadubini ya kuazima? Ulibandua ngozi ya kitunguu ukatupanga foleni uani. Nilipochungulia nikasema, "Vyumba vya matofali! Kila mmoja kajifungia kwake." Ukacheka. "Hizo ni seli, Biira, na hakuna aliyejifungia. Kila ukuta una vitundu vidogo mno, chombo hiki hakivioni. Nyuzi za ute zinapita humo. Mwenye sukari anampitishia jirani, na habari vilevile." Baba, aliyekuwa juu ya mti akichuma machungwa, akauliza, "Na kugombana, zinagombana?" Ukarudi kuchungulia upya, mwalimu mzima.

Mimi nilikomea darasa la saba, lakini siku ile haijanitoka. Ndiyo maana uliponiambia mti unaoza shina, na Baba Mdogo anataka kuupasua kuni, nilielewa upesi. Ulichanja gome la milimau yangu mitatu nyuma ya nyumba, ukachomeka kila mmoja jicho la mchungwa, kile kichipukizi kilicholala tawini, ukafunga kwa utepe wa nailoni. "Wiki tatu usiguse. Seli za jicho na za mlimau hazijuani bado. Ziache zigusane, zitoboleane kuta, ndipo zilishane. Ukifungua mapema, unazikata."

Niligusa, Dada. Jicho la kwanza nililifungua siku ya nne, nione tu. La pili, siku ya tisa. Mama Atim, mke wa polisi wa nyumba ya pili, alinikuta nimeinama pale akapiga kelele: "We Mama Joni! Hiyo mti iko na kidonda? Kila siku unafungua bandeji, itapona lini?" Yote mawili yakawa meusi, yakadondoka. Nililia kana kwamba tunamzika Baba mara ya pili.

La tatu nilimkabidhi yeye. Nikamwambia, nikisogea hapa nifukuze. Akanifukuza kwa mwiko, kweli kweli, mbele ya watu! Yeye ni wa Gulu, hatuna lugha ya nyumbani moja, na Kiswahili chenyewe tunakivunjavunja. Lakini ukuta kati yetu ni bati tupu. Joni akilia sana, Mama Atim anagonga mara mbili: "Lete mtoto. Wewe lala." Nampelekea, nalala.

Wiki tatu zilipotimia tulifungua pamoja. Jicho lilikuwa kijani! Nikakata kichwa cha mlimau juu ya jicho, kama ulivyoniagiza, na leo lina majani mawili. Asante, Dada. Asante kwa kitunguu, kwa kutembea na matawi mabichi njia yote ile, na kwa kutonikaripia kabla sijakosea.

Ila mti mmoja hautoshi, mbuzi wa kambi hawana adabu. Mwambie Baba Mdogo nimesema mimi: shoka lisiuguse mchungwa kabla hujanitumia vitu hivi. Matawi matatu ya juu, yale yenye macho yaliyovimba kidogo, uyafunge kwa maganda mabichi ya mgomba. Tawi moja ni la milimau yangu, moja la Mama Atim, na moja nitakuoteshea wewe. Utepe wa nailoni, urefu wa mikono miwili. Kile kisu chako chembamba, nitakirudisha. Barua yako, na unikaripie humo sasa, nimestahili. Mlinzi usitume. Mwiko wa Mama Atim bado upo.

Mdogo wako anayekushukuru,
Biira