Zoezi la Wifi Gertrude

Mwanda,
6 Februari 1978

Mwanangu Elsie,

Salamu nyingi kutoka kwangu na baba yako. Sisi wazima, ila baridi tu. Je, wewe huko Voi na joto lenu?

Mgongo wangu sasa ni wa msichana. Lile zoezi ulilonipa nilipokuja kwako, la kulala kifudifudi na kuinua kifua kwa mikono, silikosi. Jana kanisani nilipiga magoti nikainuka bila kushika benchi, nikageuka wanione. Nawaambia: mtoto wangu ananyoosha migongo hospitalini, hata D.O., mkuu wa tarafa, akiumwa analala mbele yake.

Sasa shangazi yako Gertrude naye analia mgongo. Amekuja na sauti ndogo, anataka zoezi. Gertrude huyu aliyeniita mvivu niliposhindwa kulima, akamwambia baba yako akutoe shule ubebe maji. Nimpe?

Mama yako.

*

Voi,
13 Februari 1978

Mama mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima, kazi tu ni nyingi.

Tafadhali usimpe Shangazi zoezi lako. Kabla sijakufundisha nilikuangalia ukiinama, ukikaa, ukitembea. Wewe ukiinama unaumia, ukijinyoosha nyuma unapata nafuu. Yeye ni kinyume. Krismasi nilimwona, akisimama kidogo anaumia, mpaka akae na kuinama. Akifanya lako atazidi, hata miguu inaweza kufa ganzi. Aje Voi nimpime, nimtafutie lake.

Najua alitukosea. Aje tu.

Binti yako,
Elsie.

*

Mwanda,
9 Machi 1978

Elsie mwanangu,

Hujambo? Sisi wazima, na maharagwe yameota vizuri.

Barua yako nilisoma, nikairudia, nikamwita Gertrude jikoni. Nikamtandikia mkeka. "Wifi, Elsie amekutumia zoezi lako kutoka hospitali." Akashukuru. Akalala kifudifudi, nikamwambia ainue kifua.

"Wifi, inachoma."

"Ndiyo dawa inaingia. Inua tena."

Nilimkazania asikose asubuhi wala jioni, naye alitii kama mtoto wa shule. Sasa anaenda chooni ameshika ukuta, mguu mmoja anauburuta. Maji anabebewa. Nilimpelekea uji, nikamwuliza, "Wifi, ni uvivu?" Siku hiyo nililala usingizi mtamu.

Usinikasirikie. Wewe unasamehe kwa sababu ulibaki shule. Mimi ndiye niliyempigia baba yako magoti ubaki, nikiwa na mgongo ule ule mbovu.

Mama yako.

*

Voi,
21 Aprili 1978

Mama,

Natumaini mko wazima.

Sikujibu kwa sababu Shangazi amekuwa kwangu. Mwanawe Donald alimleta kwa gari la kukodi, amelazwa kiti cha nyuma. Neno lake la kwanza: "Elsie, lile la shule nilikukosea, lakini ungenitukana tu." Aliamini ni mimi, Mama. Ulimwambia ni mimi.

Nikamweleza yote, pamoja na barua niliyokuandikia. Akasema, "Haya, mwanangu, nipime." Lake ni kulala chali na kuvuta magoti kifuani. Mguu umeamka, anatembea. Kesho anarudi nyumbani.

Elsie.

*

Mwanda,
1 Mei 1978

Elsie,

Hujambo. Baba yako anakusalimu. Mgongo wangu mzima, hukuuliza.

Gertrude amerudi. Nilingoja anishtaki mbele ya watu, na maneno yangu nilikuwa nimeyapanga. Hakunitaja. Jana baada ya ibada alisimama katikati ya akina mama, akasema, "Mwanangu Elsie amenishika mgongo kwa mikono yake miwili, amenipikia, amenivalisha viatu." Wakampigia vigelegele. Kisha akanigeukia polepole: "Si ndivyo, wifi? Wewe unaijua kazi yake."

Nikasema ndivyo. Ningesema nini? Nikifungua mdomo ataeleza ule mkeka.

Sasa kila mahali ni mwanangu Elsie, mwanangu Elsie, na mimi nakaa pembeni kama mgeni. Mtoto wa kaka yake ni mtoto wake, najua. Lakini mwandikie aache. Au niandikie mimi, hata mistari miwili, niwasomee akina mama.

Mimi niliyekuzaa.