Mtani Wangu Amefungiwa Bomba, Sasa Ananisalimu kwa Adabu

Mpendwa Mzee Mshauri,

Shikamoo. Naandika barua hii kukuomba msaada kabla ujirani wangu na mtu ninayempenda haujafa kabisa, maana mume wangu ananiambia ninyamaze na moyo wangu unaniambia niseme, nami nimebaki katikati sijui nisikilize lipi.

Mimi ni Mzaramo, nakaa hapa Kariakoo karibu na Mtaa wa Sikukuu, katika nyumba aliyoiacha marehemu baba yangu, na nyumba inayotazamana na yangu ni ya Bi Nyamizi, Mnyamwezi, mjane, aliyekuja mjini na mumewe tangu ujana wao, na kama ujuavyo Mzaramo na Mnyamwezi ni watani, basi tangu nilipoolewa sijapata kusikia neno la heshima kutoka kinywani mwake wala yeye hajalisikia kutoka kwangu. Jina langu ni Zamzam, lakini yeye ananiita Kisima Kikavu, anasema wazazi wangu walinipa jina la maji matakatifu kwa kunikosea. Akifungua dirisha asubuhi hupiga kelele, "We Kisima Kikavu, umeamka au bado unaota ngoma ya jana?" nami namjibu, "Nimeamka, mpagazi, njoo unibebee mzigo," ndipo siku yetu inaanza. Alipokufa mama yangu, Bi Nyamizi ndiye aliyevaa kanga za marehemu, akalala mkekani katikati ya wafiwa, akakohoa kikohozi cha mama kile kile, akaagiza kahawa kwa sauti ya mama ile ile ya kugomba, hata mimi niliyekuwa nimelia tangu alfajiri nikacheka, na katika msiba ule hakuna aliyenisaidia kuliko yeye.

Sasa, Mzee, ukaja ukame huu. Amri tumeisikia sote, kwamba mabomba ya majumbani yatumike asubuhi tu, hakuna kumwagilia miti wala bustani, hakuna kukandika kuta, na mwenye bomba uani kwake asitoe maji kwenda nyumba nyingine, asiye na bomba akateke la mtaani. Tangu siku hiyo bomba langu linatoa uzi mwembamba kama mate ya mtoto, na la Bi Nyamizi, kwa kuwa nyumba yake iko bondeni kidogo, linatoka kwa nguvu, na kila asubuhi nikichuchumaa na ndoo yangu nasikia debe lake likijaa kwa kishindo. Hili nalisema kwa sababu nimejiapiza kukuambia yote.

Asubuhi moja tulikuwa tumeketi, kila mtu barazani kwake, akapita mkaguzi wa maji, Bwana Anaeli, kijana kutoka bara, mpole, hana muda mrefu hapa mjini. Akatusalimu, akauliza kama kuna mtu mtaani kwetu anayevunja amri, na Mzee, Bi Nyamizi ndiye aliyeanza.

"Mkamate yule Mzaramo," akasema. "Anaoga mchana kutwa, kazi nyingine hana!"

Nami bila kufikiri nikajibu, "Bwana mkubwa, usimsikilize! Mnyamwezi huyo anamwagilia mpapai wake kila siku. Kaingie uani uone tope!"

Bi Nyamizi akacheka mpaka akajipiga paja. "Naam! Namwagilia mpapai, na punda wangu nawaogesha kwa sabuni, na yanayobaki nakunywa mimi!" Punda hana hata mmoja, ila ndiyo desturi yetu, mtani akikusingizia hukanushi, unaongeza.

Bwana Anaeli hakucheka. Aliingia uani akakuta udongo chini ya mpapai umelowa kweli. Maji yale, Mzee, yalikuwa ya Sophia, binti yake Bi Nyamizi, aliyejifungua hivi karibuni na yumo ndani hajatoka arobaini, mkunga anamkanda kwa maji ya moto kila asubuhi, na maji yakishapoa humwagwa pale chini ya mti. Bi Nyamizi akaanza kueleza, kicheko kimemwisha, lakini mkaguzi akamwambia, "Mama, umekiri mwenyewe mbele ya watu, na jirani yako ameshuhudia." Bomba likafungwa kwa waya na muhuri wa lakiri, likae hivyo mpaka mvua zirudi.

Mwanzoni alikuwa bado ananitania. Alipita na debe kichwani kutoka bomba la mtaani akanipigia kelele, "Si ulisema sisi wapagazi? Haya, umetupa kazi! Jina Zamzam, na umekausha nyumba nzima!" nami nilicheka. Lakini foleni pale bombani ni ndefu, na yeye si kijana, na wapangaji wake wanamnung'unikia, na Sophia leo anakandwa kesho hakandwi kwa sababu maji yaliyopatikana yamekwenda kupikia. Ndipo juzi asubuhi Bi Nyamizi alipokuwa anapita na debe lake akasimama mbele ya baraza yangu, akanitazama, akasema, "Sabalkheri, Bi Zamzam. Umeamkaje?"

Mzee, nilitamani anitukane. Kutwa nzima sikuweza kula. Jana nikajaza debe kwa bomba langu, nikalituma kwake na mpangaji wangu, likarudi limejaa vile vile na maneno haya: "Mwambie ahsante sana Bi Zamzam, tunayo."

Nilitaka kwenda ofisi ya maji kueleza kwamba yale yalikuwa utani, lakini mume wangu Shomari anasema nitashitakiwa kwa kumdanganya mtu wa serikali. Nilitaka kumwomba radhi Bi Nyamizi, Shomari anasema hilo ni baya zaidi, kwa kuwa mtani haombwi radhi, "ukimwomba radhi ndiyo umekiri kwamba hukuwa unatania, na utani wenu umekufa." Je, ni kweli? Nikinyamaza Sophia anaumia, nikisema namkosa mama yake. Nifanye nini, Mzee wangu?

Ni mimi,
Kisima Kikavu, Kariakoo

*

Marahaba, binti yangu Zamzam. Nitakuita kwa jina ulilopewa na wazazi, maana hilo ulilotia sahihi si langu kulitumia. Mimi si mtani wako.

Kwanza niwaeleze wasomaji waliotoka mbali, ambao huenda wanashangaa kwa nini mtu akose kula kwa sababu ya salamu njema. Utani si ugomvi, wala si mzaha wa mtu na mtu. Ni mapatano ya kabila na kabila, na wazee husimulia kwamba mengine yalianza katika vita na mengine katika safari za misafara, Wanyamwezi wakiwa wapagazi wa kubeba mizigo hadi Pwani. Mtani ana ruhusa ya kukuambia lolote na hukasiriki. Kwa malipo ya ruhusa hiyo, siku ya msiba yeye ndiye anayefanya kazi ambazo ndugu hawaziwezi, na mojawapo ni kuwachekesha wafiwa. Kwa hiyo mtani anapoanza kukusalimu kwa adabu kama mgeni, ameirudisha ruhusa yake. Zamzam hakosei kuogopa.

Sasa nije kwako, binti yangu. Mume wako amesema kweli, lakini nusu. Ni kweli kwamba utani hauombewi radhi. Lakini Shomari hajui ulichoniandikia mimi. Katika barua yako, kabla hujamtaja mkaguzi, kabla hata ya kunieleza nani alisema nini, ulinieleza jinsi bomba la mwenzako linavyotoka kwa nguvu na jinsi unavyolisikia debe lake likijaa. Hukulazimishwa kuliandika. Umeliandika kwa sababu unajua mahali palipouma.

Tazama tofauti. Bi Nyamizi alisema unaoga mchana kutwa. Hakumwambia mkaguzi aje akague ngozi yako! Alisema jambo ambalo kila aliyekuwapo alijua si kweli, na huo ndio utani. Wewe ulimwambia mkaguzi aingie uani aone tope, na ulijua tope lipo. Ulianza kwa utani ukamalizia kwa ushahidi. Yeye, maskini, alisikia nusu ya kwanza tu, akafanya kama desturi inavyomwagiza, akaongeza punda na sabuni. Nadhani ile nusu ya pili aliisikia baadaye, akiwa kwenye foleni, debe miguuni, na nafasi ya kufikiri anayo.

Lakini usijichape kupita kiasi. Ukame huwafanya watu wema wahesabu ndoo za majirani. Nimezisoma barua nyingi mwaka huu, za ndugu waliogombea zamu ya bomba na mashemeji wasiosemeshana kwa ajili ya birika moja, na wengi waliotenda mabaya kuliko wewe hawajakosa kula kutwa nzima. Wewe umekosa kula. Hilo linaniambia wewe ni mtu wa namna gani.

Ila kwa lile debe ulilotuma nakugombeza. Amri inasema nyumba yenye bomba isitoe maji kwa nyumba nyingine, na wewe mwenyewe umeinakili amri hiyo katika barua yako, tena vizuri. Kama Bi Nyamizi angelipokea, na Bwana Anaeli akapita tena, lingekuwa kosa la pili juu ya nyumba ile ile. Huenda alilirudisha kwa hasira. Huenda pia alilirudisha kwa akili. Halafu ukamtuma mpangaji! Neno ulilitoa kwa kinywa chako mwenyewe, mbele ya mtaa, na maji ukayapeleka kwa mikono ya mtu mwingine.

Fanya hivi. Nenda kwa Bi Nyamizi leo, upitie mlango wa uani, si barazani ambako watu watawatazama. Usilie, usipige magoti, wala usimwombe radhi kwa utani. Mwambie neno moja tu: "Nilikuonea wivu wa maji, nikamwonyesha mkaguzi tope." Ukishasema hilo, nyamaza. Hilo halikuwa utani, kwa hiyo kuliombea radhi hakuuui utani. Kunaondoa kilichouingilia. Akikufukuza, ondoka. Atakuwa amelisikia.

Kisha mchukue yule mkunga mwende ofisi ya maji. Shomari akiogopa, mpeleke naye akakae kwenye benchi la nje. Siwezi kukuahidi kwamba hamtagombezwa. Lakini mtu anayekwenda kwa miguu yake kusahihisha maneno yake hafanani na mtu aliyekamatwa kwa uwongo, na watu wa ofisi wanalijua hilo. Usimlaumu Bwana Anaeli. Aliona udongo uliolowa na akamsikia mwenye nyumba akikiri, ungetaka afanye nini? Eleza kwamba kwetu Pwani mtani akisingiziwa huongeza, na mkunga aeleze maji yale yalitoka wapi. Ombeni lakiri iondolewe. Wakikataa, ombeni ruhusa ya maji ya mzazi hadi atakapotoka arobaini. Hakuna amri niliyoisoma kwenye ubao wa matangazo inayokataza mzazi kukandwa.

Na wewe, Bwana Anaeli, kama gazeti hili linafika mezani kwako, kazi yako ni ngumu na unaifanya bila upendeleo. Nakuomba jambo dogo. Ukimsikia mtu wa hapa anakiri kosa huku anacheka na kujipiga paja, muulize yeye na anayemshitaki ni kabila gani kabla hujatoa waya.

Limebaki moja, Zamzam, na hili halihitaji ofisi. Bomba la mtaani ni la kila mtu, na hakuna anayekatazwa kumtekea jirani maji kutoka pale. Tangu kesho, asubuhi kumepambazuka na watu wako barazani, sokota ngata ya kanga, uweke kichwani, uende ukapange foleni na debe lako. Likijaa, libebe wewe mwenyewe, si mpangaji. Pita katikati ya mtaa, Mzaramo umebeba mzigo, ulifikishe mpaka kwenye mlango wa Mnyamwezi. Fanya hivyo kila siku mpaka bomba lake lifunguliwe au mvua inyeshe.

Watu watakucheka, waache wacheke. Na siku Bi Nyamizi atakapofungua dirisha akapiga kelele kwamba unatembea kama kobe, kwamba nusu ya maji umeyamwaga njiani, kwamba hata mzigo mdogo umekushinda, hapo ujue umesamehewa, umjibu kama unavyojua kumjibu. Lakini akikupokea debe kwa mikono miwili na kusema, "Ahsante sana, Bi Zamzam," usikae kuzungumza. Chukua debe tupu, urudi foleni.