Sufuria ya Watu Mia kwa Jiko la Mtu Mmoja

Jumanne, jioni inakaribia. Ukungu umelala juu ya mashamba ya chai tangu asubuhi, manyunyu hayakatiki, na mimi nimechoshwa na kila kitu chenye umbo la duara.

Niandike kwa utaratibu, maana hasira hunifanya niruke hatua.

Mwenye kiwanda kidogo cha bia mjini Kericho anatafuta mwanagenzi mmoja. Ametutaka waombaji sote tupike bia nyumbani, kwa jiko la kawaida, kisha tumpelekee chupa sita pamoja na maelezo ya namna tulivyopika. Zimebaki wiki tatu kamili. Bia yangu ya kimea cha wimbi inahitaji wiki mbili za kuchachuka na wiki moja ya kutulia ndani ya chupa. Kwa hiyo isipochemka leo, sina ombi la kazi. Nina shahada ya sayansi ya vyakula tu, na shahada hiyo imekaa kabatini mwaka mzima.

Chupa sita ni lita tatu. Mimi niliamua kupika thelathini.

Sikuwa na sababu yoyote ya kitaalamu. Nilitaka neno "thelathini" lionekane katika maelezo yangu, na nilitaka picha ya sufuria kubwa hapa kwenye blogu. Nakiri hivyo kwa aibu.

Wiki jana nilikwenda soko la Chepilat kwa Mama Moraa, mama wa Kikisii anayeuza vyombo. Nilimweleza kwa ufasaha kwamba nahitaji sufuria ya lita hamsini.

"Lita ni za mtungi," akasema. "Mimi nauza sufuria za watu. Ni ya watu wangapi?"

"Watu hawahusiki, Mama. Ni ujazo ninaoutaka."

"Kuna harusi?"

"Hapana."

"Woi, matanga? Pole sana."

"Hakuna aliyekufa, Mama."

Akanitazama kuanzia viatu hadi miwani. "Sasa hii ni ya watu mia, na wewe uko mmoja. Uko na jiko gani, mwanangu?"

Nikamwambia ni gesi, ule mtungi mdogo wenye jiko moja juu yake. Akacheka mpaka akashika meza. Nikamjibu kwamba haya ndiyo mambo niliyosomea.

"Haya, mwalimu, beba. Lakini usinirudie hapa ukisema sufuria yangu ni mbaya."

Leo, basi. Saa nne asubuhi nilikuwa nimekwisha kuchuja maji ya kimea, lita thelathini, matamu, yenye rangi ya chai ya rangi. Nikaipandisha ile sufuria jikoni. Kitako chake kiliufunika moto wote na kuning'inia pande zote kama kofia kwenye kichwa cha mtoto. Nikasubiri.

Saa tano. Saa sita. Saa saba.

Huku kwetu juu maji huchemka hata kabla ya kufika digrii mia, lakini yangu hayakukubali. Yalitoa mvuke kwa adabu, yakatetemeka kidogo katikati, yakatulia. Mtetemo si mchemko. Bia inataka mchemko wa nguvu, saa nzima bila kupumzika, ili vijidudu vife, harufu mbaya itoke na uchungu uingie (nami natumia majani ya chai yetu mahali pa maua ya hopsi). Kadiri sufuria inavyokuwa pana, ndivyo inavyopoteza joto juu. Jiko langu lilikuwa linalipa kwa chini na upepo unachukua kwa juu. Haya yote niliyaandika kwenye mtihani. Nilipata alama ya juu.

Mama yangu akarudi kutoka kuchuma chai, kikapu bado mgongoni, akachungulia.

"Bado?"

"Bado, Mama."

"Hiyo moto inaosha tu makalio ya sufuria. Punguza hayo maji."

"Mama, kuna kanuni za..."

"Kanuni gani? Umeangalia gesi?"

Nikautikisa mtungi. Ulikuwa mwepesi. Duka la gesi lilikuwa limefungwa tangu Jumapili, na kuni zote zilikuwa zimelowa.

Mama alishusha kutoka ukutani sufuria nyeusi anayopikia wachumaji chai ya saa nne, ambayo inachukua lita kumi na mbili hivi, akaisuuza, akaniwekea mezani. Nikamimina, nikaibandika kwenye gesi iliyobaki. Dakika ishirini hazikufika, ikaanza kuvuma.

Hapo ningestahili kufurahi. Lakini nilikuwa nimeijaza hadi mdomoni, kwa tamaa. Povu likapanda mara moja, likamwagika, likazima moto na kunata kila mahali. Nimezaliwa katika nyumba inayochemsha maziwa kila asubuhi!

"Hata maziwa unaachia nafasi ya kupanda," Mama akasema, akinipa kitambaa. "Na ukimaliza ufunike vizuri. Wamama wa kanisa wako hapa Alhamisi, na mimi sitaki kueleza."

Nikapunguza hadi lita tisa, nikawasha tena. Ikachemka saa nzima, moto ukififia dakika za mwisho bila kuzima. Zimebaki lita nane. Yaliyosalia katika sufuria ya Chepilat amepewa ng'ombe, ambaye ndiye pekee aliyefurahi leo bila masharti.

Kwa hiyo, msomaji unayetaka kupika nyumbani: tazama jiko lako kwanza, kisha sufuria. Acha robo yake wazi kwa ajili ya povu. Na fanya hesabu yako kwa bia unayohitaji, usiifanye kwa sifa unazozitamani.

Nimepoza lita zangu nane, nikazimimina kwenye ndoo, nikatia hamira na kufunga. Katika maelezo nimeandika "lita nane", na chini yake nimeeleza jinsi thelathini zilivyoshindikana. Nimeifuta aya hiyo mara mbili na kuirudisha mara mbili. Huenda mwenye kiwanda akaiona kuwa ya mtu asiyejua kazi, na huenda waombaji wengine wakaja na mapipa.

Sijui kama lita nane zitamshawishi mtu. Ninachojua ni kwamba zimechemka.