Uji wa Buluu kwa Katekista Venuste

Juru, kambi ya wakimbizi ya Nakivale

Kwa dada yangu mpenzi Bénédicte,

Kwa heshima zote ninazoweza kukusanya, natangaza kwako na kwa ukoo wetu wote ulioko Baraka kwamba Jumapili iliyopita uji wa mihogo uligeuka buluu. Baada ya tangazo hilo, nakusalimu. Hujambo wewe na watoto? Goti la mama limetulia? Mimi mwili ni mzima. Roho ndiyo inayosaga meno.

Siku hiyo nilikwenda na rafiki yangu Gervais kwa mzee Venuste, yule katekista Mrundi, kumwomba nimuoe binti yake Libérate. Tukamkuta binti amejikata kidole akimenya mihogo. Nami nina kichupa changu cha iodini, ile dawa ya kahawia ya vidonda, kilichobakiwa na matone machache. Nani angenizuia? Nikafungua kizibo kwa mbwembwe, kichupa kikaniponyoka, dawa ikaingia katika sufuria ambamo binti alikoroga unga na maji baridi. Buluu, dada, inayoelekea weusi. Mama mkwe, ambaye bado si mama mkwe, akafanya ishara ya msalaba na kuuliza sisi Wakongo tunatoka upande gani hasa.

Badala ya kuomba radhi, nikafundisha. Unakikumbuka kile kitabu cha kemia kisicho na jalada nilichokipata Mbarara? Nikawaeleza kwamba iodini ni ya jamii ya halojeni, na atomu za jamii hiyo huwa na kipara upande mmoja, mahali palipopungukiwa umeme, basi huvutwa na jirani aliye nao mwingi. Ndani ya wanga wa mihogo zinajipanga kama watu kwenye korido nyembamba. Hazijafunga ndoa, nikasema, zinaegemeana tu, na moto ukija zinaachana. Gervais akanikanyaga mguu. Nilidhani ni bahati mbaya.

Ili waone wenyewe, nikaifunika sufuria na kuiweka motoni. Nilipoifunua, rangi ilikuwa imepotea, uji mweupe. Hata mama mkwe alicheka. Mzee akasema tusali kwanza, ndipo tuzungumze habari ya binti. Wewe hujamsikia akisali. Alianza na Adamu, akapitia Bujumbura, akaombea mvua ya maharage. Sufuria iko chini, wazi, inapoa. Na kitabu kilisema wazi: zikipoa, zinarudi kuegemeana. Alipofika kwa marehemu wa ukoo wake nikaona buluu inaanza pembeni. Alipofika Amina, ilikuwa imeenea kote. Watu wakatazama, wakatoka nje mmoja mmoja. Mzee akasema jibu lake ni hapana.

Nimekasirika wiki nzima. Kufukuzwa kwa ujinga wangu ningekubali, lakini kwa tabia ya atomu? Nikapanda gari hadi Mbarara, nikavuka mto Rwizi mpaka Nyamitanga kwa Térence, mwalimu wa sekondari, binamu wa mzee Venuste. Akacheka mpaka akakaa chini. Kisha akampigia mzee simu, sauti ameiweka juu ili nami nisikie, akamweleza kwamba ile ni iodini na wanga, hakuna uchawi wowote.

Mzee akajibu taratibu: "Térence, hiyo najua. Tulifanya na viazi pale Ngozi, mu sekondari. Lakini huyu kijana anafungua macho mu sala. Mutu anachunga sufuria kuliko Mungu, atachunga binti yangu namna gani?"

Dada, hilo halimo kitabuni. Wala sikuthubutu kuuliza yeye aliniona kwa macho gani. Térence alinishauri nirudi Jumapili, nisali hadi mwisho, nisitazame kitu. Nitarudi. Libérate ametuma neno kwamba atakaa mbele yangu kuhakikisha, jambo ambalo halinisaidii hata kidogo.

Msalimie mama, wapige watoto busu, na mniombee huko, ikiwezekana sala fupi.

Ndimi mdogo wako akupendaye,
Appolinaire

Nilisahau: kile kidole kimepona chenyewe, bila dawa.