Kisu Kilichoanguka Mlangoni kwa Mkwe

Mpendwa mshauri, naomba msaada kabla Jumapili haijanifikia, maana mimi si mtu wa kulialia, watu wananiita Injinia wa Sufuria, nimepika melini, nimepika hotelini, nimepika kwenye harusi za matajiri ambao mbwa wao wanalala pazuri kuliko mimi, shule niliiacha darasa la sita lakini bandari nilizokanyaga mimi mwalimu wangu wa jiografia alikuwa anaziona kwenye ramani tu, na leo nina nyumba yangu, mke anayenicheka kila siku, na binti mmoja, nesi, ambaye amepata mchumba fundi umeme, kijana mpole mpaka unatamani umchokoze, kwa hiyo kwa jumla Mungu hajaninyima kitu, ila kuna hili jambo la kisu.

Kisu chenyewe ni changu cha kazi, chembamba, mpini wake umeshashika umbo la mkono wangu, na mpishi yeyote wa kukodishwa atakwambia kisu hakiachwi kwenye jiko la watu, ukigeuka kukoroga tu kimeshapata baba mwingine, ndiyo maana natembea nacho. Begi la aproni kilishalitoboa. Nikawa nakishika mkononi nimekizungushia gazeti, lakini kwenye basi mama mmoja aliniona akahamisha wanawe wote siti za nyuma, nikaona aibu, mimi ni mtu wa adabu zangu, nikakitengenezea ala ya boksi na selotepu nikawa nakichomeka kiunoni, nyuma, chini ya koti, ili nisimtishe mtu.

Sasa Jumamosi iliyopita nilitoka kupika kwenye sherehe moja nikaunganisha moja kwa moja hadi kwa wazazi wa kijana, tulikuwa tunakutana wazazi kwa wazazi kwa mara ya kwanza, mke wangu na binti walishatangulia, nikafika nanukia moshi, nikainama mlangoni kuvua viatu, na ile selotepu ikaachia. Mshauri, kisu kilidondoka kwenye vigae kikalia kama kengele ya shule. Baba wa kijana akakiangalia, kisha akaniangalia mimi.

"Mkwe, hiki cha nini?"

Jibu lilikuwepo, tena jepesi, lakini huu mdomo wangu haujawahi kukubali kuingia nyumba ya watu bila kuchekesha, nikamjibu, "Hicho? Hicho ni cha mwanaume yeyote atakayemliza binti yangu!" Nikacheka. Nikacheka peke yangu. Kijana akaweka kikombe chini. Mke wangu akaninong'oneza, "Baba Nesi, huyu mzee ni askari." Hakuna aliyeniambia mapema! Wao wanasema waliniambia, ila mimi ndiye niliyekuwa naongea.

Mzee akakiokota, akakiviringisha kwenye taulo la jikoni, akakitumbukiza chini kabisa ya begi langu, chini ya aproni, akasema kwa upole ulionitisha kuliko makelele, "Mkwe, leo nimekusikia kwa sikio la mzazi. Ungenijibu hivyo barabarani, nikiwa na magwanda yangu, sasa hivi tungekuwa kituoni unaandika maelezo. Kisu kimefichwa kiunoni, na mwenyewe anasema ni cha kudhuru watu."

Chai tulikunywa, lakini vijiko ndivyo vilivyokuwa vinaongea. Tangu siku hiyo binti ananiambia "chakula tayari" na basi, isipokuwa jana alisema, "Baba, kama utani wako umenipotezea huyu, usinitafute kwenye kicheko tena." Hapo ndipo nilipoumia. Jumapili hii wanakuja kwetu, na mpishi ni mimi. Je, kweli sheria inanikataza kutembea na chombo changu cha kazi? Wenzangu wa jikoni, mmoja anasema kisu kifupi hakina kesi, mwingine anasema ukificha vizuri nani atakuona. Na wale wakwe nitawatazamaje usoni?

Ni mimi, Injinia wa Sufuria

MSHAURI ANAJIBU

Injinia, pole, na niruhusu nicheke kwanza.

Nimemaliza. Sasa kaa chini, na safari hii usiongee.

Sheria za visu hazifanani kila mahali. Kuna kwingine wanapima urefu wa makali, kwingine wanatazama aina ya kisu, kwingine hata kidogo cha kumenyea matunda kina kesi ukikosa sababu ya kuwa nacho. Hao wenzako waache wakate karoti, wasikukatie hukumu. Lakini maswali mawili yatakufuata karibu popote: umekibebaje, na unacho cha nini. Wewe mwenye majibu safi ya yote mawili ukafeli yote mawili! Ulikificha kwa adabu, sawa, nakuamini, ila adabu haionekani chini ya koti. Kinachoonekana ni mtu aliyeficha kisu mahali pa kukichomoa upesi. Kisha ukaulizwa kistaarabu, na ili watu wacheke ukajigeuza jambazi kwa mdomo wako mwenyewe. Na usije ukabadili wimbo ukasema ni cha kujilinda. Sehemu nyingi hilo ndilo jibu linalomzamisha mtu kabisa.

Tafuta mfuko wa turubai au kisanduku kinachofungwa, kisu kikae humo, chini ya begi, pamoja na miiko na aproni yako, mahali ambapo hata wewe itakuchukua muda kukifikia. Mkwe alikuonyesha kwa vitendo na taulo lake, wewe ukaona aibu tu, somo hukuliona. Kinakwenda kazini na kinarudi nyumbani. Ukiwa na safari ya ukweni, benki au wodini kwa binti yako, pitia nyumbani kwanza ukakiache. Askari akikusimamisha, usitumbukize mkono kwenye begi. Mwambie kabla hajapekua: kuna kisu cha kazi humu, mimi mpishi, natoka kupika mahali fulani. Nukta. Vichekesho virudishe melini.

Sheria ya hapo kwenu inasemaje hasa, usiulize jikoni, uliza kituoni, na bahati yako kituo kinataka kuwa ndugu yako. Mpigie huyo mzee leo hii: "Mkwe, nilikosea, nielimishe." Mtu aliyetoa taulo lake akafunga kisu chako, halafu akakumiminia chai, hana haja ya kukukamata, anataka kujua mkwewe anatoka nyumba ya namna gani. Kisha mtafute kijana umwombe radhi ana kwa ana, maana aliyetishiwa ni yeye. Na binti yako mwambie "nisamehe mwanangu" bila kuongeza kitu nyuma yake. Najua itakukereketa kooni. Meza.

Jumapili wakifika, usikifiche tena. Kiweke wazi juu ya ubao, mkaribishe mkwe jikoni, mpe kiti, endelea na kazi yako akuone ulivyo fundi. Na akikuuliza tena, "Mkwe, hiki cha nini?", nakuomba kwa heshima ya bandari zote ulizokanyaga, jibu neno moja tu: "Vitunguu."